Seti ya Matone ya Pipa la Lita 200: Nzuri kwa Matuta Manne, Si kwa Robo Eka

Kaskazi inapokolea, kuanzia Desemba hadi masika yanapokaribia katikati ya Machi, bustani nyingi za Pwani huishi kwa ndoo. Joto la mchana Dar es Salaam mwezi Februari hufika nyuzi 32 au 33, na tuta la kichanga lililomwagiwa alfajiri linakuwa limekauka juu kabla ya adhuhuri. Huo ndio msimu ambao maduka ya pembejeo hutoa mbele maboksi ya umwagiliaji wa matone kwa matumizi ya nyumbani. Tathmini hii ni ya seti ya aina iliyozoeleka, ile ya kuunganisha kwenye pipa la lita 200, pamoja na kazi za kiangazi inazoweza na isizoweza kukufanyia.

Kwa mwenye haraka: inunue kama una matuta manne ya mboga, kila moja mita 10 kwa mita 1, na eneo lisilo na mteremko mkali. Iache kama kilichokuvutia ni maneno "robo eka" yaliyoandikwa juu ya boksi.

Ndani ya boksi mna koki ya robo tatu ya inchi, filta ya skrini ya mesh 120, mita 6 za bomba kuu jeusi la milimita 25, rola la mpira wa dripu wa milimita 16 lenye mita 100 na tundu kila sentimita 30, viunganishi 10 vyenye koki ndogo na raba zake, vifungio 10 vya mwisho wa mstari, viungio 2 vya kurekebishia mpira uliokatika, na kitoboleo. Pipa hununui humo, unalitafuta mwenyewe. Chukua lililobeba chakula au sabuni, si lile ambalo muuzaji hajui lilibeba dawa gani. Pipa la bluu ni zuri. Chombo cheupe kinachopitisha mwanga huota ukijani ndani ya wiki chache, na ukijani huo ndio unaoziba filta, kwa hiyo kama huna kingine, kipake rangi nyeusi kwa nje.

Hesabu ambayo boksi haikufanyii

Robo eka ni mita za mraba 1,000 na ushee. Ukipanda kwa mistari iliyoachana mita moja, unahitaji mita 1,000 za mpira. Humu mna 100. Hapo tu ungeweza kulirudisha boksi kwenye rafu, lakini twende kwenye maji yenyewe, maana ndiko watu wengi wanakokwama hata wakishanunua mipira ya ziada.

Kila tundu limepimwa kiwandani kutoa lita 1 kwa saa, kwa msukumo wa maji yaliyoinuliwa mita 10. Pipa lako liko juu ya jukwaa la mita 1, na lenyewe lina kimo cha kama sentimita 90. Likijaa, maji yanasukuma kwa mita 1.9, likikaribia kwisha, kwa mita 1. Kwenye mpira wa aina hii, maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha kimo hicho, kwa hiyo tundu linaanza na lita 0.43 kwa saa na kumalizia na 0.31. Chukua wastani wa 0.38. Matuta manne yenye mistari miwili kila moja ni mita 80 za mpira, yaani matundu 260 na kitu, yanayomeza takribani lita 100 kwa saa. Pipa linakwisha kwa saa mbili.

Lita 200 juu ya mita za mraba 40 ni lita 5 kwa kila mita ya mraba. Mboga iliyokwishafunika tuta, katika jua la Januari Pwani, inataka lita 5 hadi 6 kwa siku kwa eneo hilo. Kwa hiyo pipa moja kwa siku, kwa matuta manne, linatosha kwa kubana. Ukiongeza tuta la tano unaanza kuigawia mimea njaa. Na ile robo eka? Lita 5,000 kwa siku, mapipa 25. Hata ukitoa nusu nzima kwa ajili ya njia za kupita katikati ya matuta, bado ni mapipa 12, na hakuna anayejaza mapipa 12 kwa ndoo kila siku akabaki na hamu ya bustani.

Miche michanga inahitaji nusu ya hayo au chini. Lakini kwenye mchanga usiiruke siku. Gawa maji mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu mchanga haushiki. Ukimwaga pipa zima kwa mkupuo, sehemu kubwa inashuka chini ya mizizi pamoja na mbolea yako.

Kufunga

Pipa lililojaa lina uzito unaozidi kilo 200. Jukwaa lijengwe kwa tofali za saruji, juu pawe bapa. Mbao ni kuwapa mchwa kazi, na siku watakapoimaliza pipa litaanguka juu ya tuta la kwanza. Mafundi wengine wanaoletwa na duka hupenda kuweka tofali mbili wakasema maji yatashuka tu. Yatashuka, ndiyo, lakini kwa kimo cha sentimita 30 tundu la mwisho wa mstari linalia machozi tu. Simamia mita 1.

Toboa pipa sentimita 5 hadi 10 kutoka chini, si chini kabisa, ili mchanga na matope yabaki pipani. Zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za koki, kisha filta ifuate koki, mshale wake ukielekea bustanini. Bomba kuu lipite kwenye vichwa vya matuta. Kitoboleo cha boksi ni cha plastiki laini na ndicho kifaa kibovu kuliko vyote humu: kinachana badala ya kukata, na tundu lililochanika halibani raba. Ukitoboa kwa drili, chagua ncha inayolingana na shingo ya raba, ujaribu kwanza kwenye kipande cha bomba utakachokikata mwishoni.

Laza mipira matundu yakitazama juu. Uchafu mzito hutulia chini ya mpira, na unapofunga koki, mpira ukiwa mtupu huvuta hewa kupitia matundu. Yakiwa yametazama chini huvuta tope. Acha ulegevu wa sentimita 15 hadi 20 kila mstari, kwa sababu mpira hurefuka juani na kujivuta usiku, na uliokazwa sana utajichomoa kwenye kiunganishi. Kabla ya kufunga miisho, fungua maji dakika tano yasafishe vumbi la kiwandani na mabaki ya kutobolea. Ndipo ufunge.

Halafu pima. Weka kikombe chini ya tundu la kwanza na kingine chini ya la mwisho kwenye mistari mitatu tofauti, pipa likiwa limejaa, kwa nusu saa. Kila kikombe kiwe na mililita 200 hivi. Tofauti ikizidi moja ya tano kati ya mwanzo na mwisho, ardhi haiko sawa, au kuna kona imejikunja. Kwa msukumo mdogo namna hii, mteremko wa sentimita 30 unatosha kuharibu mgawanyo, na mbaya zaidi, ukifunga koki maji yote yaliyobaki mipirani yanakimbilia upande wa chini. Dawa yake ni kugeuza matuta yafuate usawa wa ardhi, kuukata mteremko. Mstari usizidi mita 15.

Kwenye mboga

Hapa ndipo seti inapolipa. Nyanya, bilinganya, pilipili hoho, bamia na ngogwe zimeumbwa kwa matone, mradi upande kwenye tundu. Watu hupanda nyanya kwa nafasi ya sentimita 45 waliyoizoea kisha wanashangaa mche mmoja umenona na jirani yake amedumaa; mpira una tundu kila 30, kwa hiyo panda kila tundu la pili, sentimita 60, na mistari miwili ipishane. Faida kubwa kwa nyanya ni kwamba majani hayalowi, na baka jani hupungua. Faida ya pili ni usawa wa maji: kitako cha nyanya kuwa cheusi na kubonyea, kwa kawaida, ni kalsiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja kwa msimu, leo mafuriko, kesho ukame. Watu hununua dawa ya kuvu kwa tatizo hilo na halitibiki kwa dawa hiyo.

Hasara moja haiandikwi popote. Majani makavu katika joto kavu ni karamu ya utitiri mwekundu. Kwenye bilinganya na nyanya, geuza majani mara mbili kwa wiki. Ukiona vidoa vya manjano na utando mwembamba chini ya jani, yaoshe kwa maji ya mpira wa kawaida asubuhi, upande wa chini, yakauke kabla ya jua kali.

Mchicha wa kumwaga mbegu na matone ya sentimita 30 haviendani. Kwenye mchanga, maji ya tundu moja hushuka wima na kulowesha duara la sentimita 15 hadi 20 tu kutoka kwenye tundu, hivyo katikati ya mistari miwili kunabaki utepe mkavu ambao mbegu hazioti. Kwa mchicha, figili na chainizi tafuta mpira wa tundu kila sentimita 20 au chini yake, na mistari mitatu kwa tuta. Na mbegu yoyote, hata ya bamia, mwagilia kwa keni mpaka iote na kushika. Matone ni ya mmea wenye mizizi.

Matandazo si hiari. Nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita 5 hadi 10, juu ya mpira, yakiachana na shina kwa kiganja kimoja. Yanakinga mpira na jua, yanapoza mchanga, na kwa matuta manne yanaokoa maji ya kutosha kukufanya usijute lile tuta la tano. Kagua mchwa chini yake kila wiki. Wakiingia, ondoa matandazo makavu ya zamani, lowesha mapya kabla ya kuyaweka.

Mbolea: urea inayeyuka vizuri na kupita. Gramu 80 hadi 100 kwa pipa, mara moja kwa wiki, kwa matuta manne. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, iingize pipa likibaki nusu, kisha malizia kwa ndoo mbili za maji safi ili mipira isibaki na mbolea. DAP na CAN weka kwa mkono ardhini, kwa sababu mabaki yake hayayeyuki na yataziba matundu. Maji ya samadi hata ukiyachuja kwa kanga mara tatu, usiyapitishe humu.

Kwenye miti ya matunda

Mita 20 za mpira zinabaki baada ya matuta manne, na zinatosha miche sita ya miti. Fikisha maji kwa bomba tupu la milimita 16 (halimo kwenye boksi), kisha zungushia kila mche mpira wa mita 3, duara la kipenyo cha mita 1 hivi. Hayo ni matundu 10 kwa mche. Funga koki ndogo za mboga, fungulia miti peke yake: nusu pipa litachukua kama saa tano na kila mche utapata lita 16. Kwa mche wa mwaka wa kwanza, hiyo kila siku ya pili au ya tatu inafaa.

Usikubali kuuziwa vitoneshi vya "kusawazisha msukumo" kwa ajili ya pipa. Vinahitaji msukumo wa maji yaliyoinuliwa mita 5 au zaidi ili vifanye kazi, na kwako haupo.

Papai ndilo litakalokushukuru haraka, lakini pia ndilo la kwanza kufa kwa maji yaliyotuama. Mahali penye mfinyanzi, panda juu ya kituta. Mchungwa na mlimao visilowe shina. Duara la mpira likae mbali na shina na lipanuliwe kadiri mti unavyokua, kwenye ukingo wa kivuli cha majani, kwa sababu gome linaloshinda na unyevu huingiwa na kuoza kunakotoa gundi karibu na ardhi. Na usiuache mchungwa wenye matunda ukauke wiki mbili kisha ukaumwagia pipa zima: matunda yatapasuka.

Mwembe mkubwa usiuhangaikie kwa matone. Mizizi yake iko mbali kuliko mpira wako, na ukame kabla ya maua ndio unaousaidia kuchanua. Kazi yake ya Januari na Februari ni nyingine: mavuno yakiisha, kata matawi makavu na yanayosuguana, fungua katikati mwanga upite, ondoa vichipukizi vya chini ya kiungo cha kubebeshea. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa nusu mita chini au kufungwa kwenye mfuko mweusi juani mpaka funza wafe. Nzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003 anaishi humo, na embe moja lililosahauliwa chini ya mti linawatosha.

Kwenye maua

Kwa ufupi: waridi ndiyo, bogenvilia hapana. Waridi zilizopangwa mstari mmoja zinafaidi kama nyanya, majani makavu na doa jeusi kidogo. Kata maua yaliyochakaa mpaka kwenye jani lenye vijani vitano na uweke matandazo. Bogenvilia iliyoshika ardhini ikipewa maji kila siku inatoa majani na miiba, maua inayasahau. Ukiiona imenyauka kidogo ndipo uinyweshe.

Vyungu ni tatizo jingine. Mpira bapa hauingii kwenye chungu. Unahitaji mirija myembamba ya milimita 4 yenye vijiti, nayo pia inauzwa kando. Chungu cha udongo juani hukauka mara mbili kwa siku, hivyo ni rahisi zaidi kuvikusanya chini ya kivuli cha mti na kuvimwagilia kwa keni.

Kinachoharibika

Jembe ndilo adui namba moja, sio kuziba. Anayepalilia asiyejua mpira uko wapi atakata mara mbili asubuhi ya kwanza, na boksi limekupa viungio viwili tu. Nunua kumi zaidi siku hiyo hiyo. Kata mpira uliojeruhiwa kwa mkasi, pande zote ziwe nyoofu, ingiza kiungio, kaza kofia kwa mkono. Gundi na mpira wa baiskeli vinadumu siku mbili. Panya nao hutafuna wakitafuta maji. Wanashambulia zaidi mipira mitupu, kwa hiyo sehemu yenye panya iwekewe ndoo ya maji pembeni.

Unene wa mpira uulize dukani kabla ya kulipa. Wa milimita 0.15 ni wa msimu mmoja, wa 0.2 ukiutunza utavuka miwili au mitatu. Kama boksi halisemi na muuzaji hajui, chukulia ni ule mwembamba na ujadili bei kwa msingi huo.

Filta ioshwe kila wiki kama unajaza pipa kwa maji ya bomba, kila siku kama ni maji ya kisima. Miisho ya mistari ifunguliwe mara moja kwa wiki, maji yatoke mpaka yawe meupe. Mistari ikianza kuziba kwa utelezi, subiri mboga zivunwe, weka mililita 100 za dawa ya klorini ya kufulia kwenye pipa, jaza mipira, iache usiku mmoja, kisha isuuze. Klorini isikutane na mbolea, siki wala tindikali yoyote. Hutoa hewa ya sumu.

Waliochimba visima karibu na bahari wana shida ya ziada, chumvi. Utaiona kama ganda jeupe kuzunguka kila tundu. Matone husukuma chumvi hadi ukingo wa sehemu iliyolowa, na mmea unaishi katikati bila shida. Spinachi inavumilia; maharage na vitunguu havivumilii. Hatari yake huja siku ambayo kila mtu anafunga koki kwa furaha: manyunyu ya kwanza ya masika huyeyusha lile ganda na kulirudisha kwenye mizizi, na kesho yake majani yameungua kingo. Endelea kufungulia matone wakati wa manyunyu hayo, mpaka inyeshe mvua kubwa ya kuishusha chumvi chini kabisa.

Baada ya hapo ng'oa mipira, ifungue miisho, ikung'ute maji, izungushe juu ya kipande cha bomba la inchi nne bila kuikunja, na uitundike darini kwa waya, si kwa kamba ambayo panya atapanda. Raba na koki ndogo zihesabu ukiweka kwenye kopo. Zinazopungua zinauzwa mojamoja, na ni nafuu kuzinunua Aprili kuliko Desemba watu wakiwa wamejazana kaunta.